Mahadhi ya Wabebaji

Kulpanna, Rasi ya Yorke,
Australia Kusini
3 Machi 1874

Mjomba wangu Digory,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na baridi ya Trevannor imeanza kukuachia. Sisi huku tunaungua. Tangi la maji ya mvua limebaki tope, na maji ya kunywa yanaletwa kwa gari la farasi, nasi wanawake tunajipanga na ndoo kwa adabu kama tunakwenda kupokea meza ya Bwana. Mbuzi wangu amezaa mapacha. Jirani yangu Kezia, yule mwenye ulimi, anakusalimu ingawa hakujui. Anasema mtu aliyeweza kunifundisha mimi kusoma lazima awe na subira ya punda.

Sasa niseme. Jabez amefariki. Ilikuwa Novemba. Nilipaswa kukuandikia siku ileile, lakini kila nilipokaa na kalamu niliishia kwenye habari za mbuzi. Njia ya chini mgodini aliyokuwa akichimba iliporomoka. Kuhusu hilo sitaandika zaidi leo.

Bado nakaa nyumbani kwetu. Utaratibu wa hapa ni kwamba kila mchimbaji hujijengea nyumba yake mwenyewe, kwa udongo na mawe, lakini juu ya ardhi ya mgodi. Jabez na mimi tulikanyaga udongo wa kuta hizi kwa miguu yetu. Mume akifa, ardhi inabaki pale ilipokuwa, mikononi mwa mgodi, na kuta huwezi kuzibeba.

Wiki iliyopita alikuja Kapteni Retallick. Ndiye msimamizi wa mgodi wote, na Jumapili ndiye mhubiri wetu, kwa hiyo tunamsikia siku saba. Alikaa kwenye kiti cha Jabez bila kuuliza.

"Dada Thirza," akasema, "Mungu amekupa kipaji. Kanisa jipya tutalifungua Januari. Tunataka wimbo wako. Beti tano. Na ubeti wa tatu uwe wa kumshukuru Mungu kwa wale aliowaweka juu yetu watuangalie."

"Juu yetu wapi, Kapteni?"

"Unanielewa vizuri." Akainua macho akatazama mabati. "Nyumba nzuri hii. Nina mafundi wawili wametoka kwetu Cornwall na wake zao, hawana pa kulala. Nimewaambia wasubiri. Mjane mwenye kazi ya kufanya kwa ajili ya kanisa hatupwi."

Tangu siku hiyo sijaandika hata mstari mmoja, Mjomba. Nikikataa, sina paa. Nikikubali, nitasimama mbele ya watu wote nimshukuru Mungu kwa mtu huyu. Faraja yangu ni moja tu, kwamba kile chumba cha juu kwako, chenye dirisha la kuangalia bustani, bado kipo. Usikipangishe.

Mpwa wako asiye na usingizi,
Thirza


Trevannor, Cornwall
11 Mei 1874

Mpwa wangu Thirza,

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mzee. Waridi za ukutani zimetoa machipukizi mapema mwaka huu. Mzee Trewin, fundi viatu, amefariki, akazikwa vizuri. Barua zako endelea kuzituma kwa Bi Grace wa dukani, naye atanifikishia. Ni rahisi zaidi kwangu siku hizi, usiulize kwa nini, miguu ya mzee ina sababu zake.

Nimeisoma habari ya Jabez na nikaiweka barua chini, nikaenda kutembea mpaka ukutani na kurudi. Alikuwa kijana mkimya mwenye sauti nene. Nakumbuka siku mlipoondoka, alivyobeba sanduku lako begani akiimba sauti ya chini peke yake, kana kwamba waimbaji wengine wangejitokeza njiani wamjazie sauti nyingine.

Niambie jambo moja ambalo hukuliandika. Mlimwimbia nini njiani? Natumaini ni mahadhi ya wabebaji, yaleyale ya kwetu. Nataka kumwona akilini akipelekwa sawasawa, jeneza mikononi, wanne wakibeba, na kila ubeti ukiisha wanne wengine wakipiga hatua mbele kuwapokea. Mahadhi yale nimeyasikia tangu sijajua kusema, na hadi leo yakifika mwisho wa ubeti mguu wangu wa kulia unasogea wenyewe.

Kuhusu wimbo, usiwe na haraka ya kukataa. Nikukumbushe ulikotoka. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukivunja mawe ya madini kwa nyundo pale juu ya mgodi pamoja na wasichana wengine, na jioni ukija darasani kwangu na vumbi kwenye kope. Ulinionyesha kibao chako. Nikakuuliza, "Nani amekufundisha kuhesabu mizani?" Ukasema, "Nyundo." Wimbo ule wa kibaoni uliimbwa hapa, ukaimbwa wilaya nzima, ukapanda meli kabla yako. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba Jumapili yako ya kwanza huko uliwakuta wanauimba, na aliyekaa karibu nawe akakusahihisha maneno.

Mtu aliyeanza hivyo hawezi kukosa njia kwa sababu Kapteni ameomba beti tano. Tutafikiri pamoja.

Chumba kipo. Kengele inalia, naacha hapa.

Mjomba wako,
Digory Pascoe


Kulpanna
18 Julai 1874

Mjomba,

Shikamoo. Mvua imenyesha siku mbili, tangi limejaa hadi shingoni, na Kezia alitoka nje akasimama katikati ya uwanja na nguo zake zote. Mume wake akamwita, "Mama we, utaugua!" Akamjibu, "Niache, nimeoga mwaka jana." Mwana-mbuzi mmoja amekufa. Keki ya zafarani niliyooka kwa chai ya kanisa ilisifiwa, ila zafarani ya huku haina rangi.

Uliniuliza tulimwimbia nini Jabez njiani. Hapakuwa na njia.

Bado yuko chini, Mjomba. Udongo uliposhuka, wenzake walichimba kwa mikono siku nzima wakimwita. Jioni Kapteni akaamuru watoke, akasema mwamba bado unasogea na hatapoteza watu wengine kwa ajili ya mmoja. Labda alisema kweli, mimi sijui miamba. Kesho yake njia ile ikazibwa kwa mawe. Mchungaji aliyeitwa kutoka mjini alisoma maneno machache kwenye mdomo wa shimo, na Mzee Hosken, kiongozi wetu wa waimbaji, akafungua kinywa kuanzisha mahadhi ya wabebaji, kisha akakifunga. Huwezi kuyaimba bila jeneza. Wanne wa nyuma wangepokea nini? Watu wakarudi nyumbani kila mmoja kwa njia yake, kama watu waliotoka sokoni.

Na hili pia sikukuandikia. Ijumaa ya kabla yake Jabez alimwambia Kapteni, mbele ya watu, kwamba nguzo za mbao kule chini zimeoza. Kapteni akamjibu, "Zitavumilia mpaka mwisho wa robo mwaka, Ndugu Jabez. Imani yako iko wapi?" Watu walicheka. Jabez alicheka pia. Alinihadithia akila chakula cha jioni.

Huo ndio ubeti wa tatu ninaotakiwa kuandika.

Juzi nilijaribu. Nilipata mistari miwili mizuri sana, laini, hata mimi nikaipenda. Nikaichoma. Jana Kapteni akanikuta penye tangi.

"Umefika wapi, Dada?"

"Bado nachimba, Kapteni."

"Chimba. Wale mafundi wa Cornwall wana watoto wachanga."

Kwa hiyo nimezungukwa. Nikienda huku nakutana na Kapteni, nikienda huku nakutana na Jabez. Na nikikaa kimya nakutana na mabati haya ninayoyatazama usiku kucha. Nikifumba macho nakaa kwenye kile chumba chako. Jana nilikipanga upya, meza nikaiweka chini ya dirisha.

Kengele gani hiyo inayokuita? Zamani ulikuwa unachukia kengele.

Thirza


Trevannor
24 Septemba 1874

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu. Barua yako ilinikuta kitandani, lakini sasa nimesimama. Hali ya hewa ni njema, viazi vimepatikana. Kengele ni ya jirani tu. Meza chini ya dirisha ni wazo zuri, mwanga wa asubuhi utakufikia.

Sasa kaa, nikufundishe jambo ambalo unalijua. Nivumilie, mimi nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi mno kuweza kuacha.

Mtu wa kawaida kanisani hudhani wimbo ni kitu kimoja. Sivyo. Sisi Wamethodisti tunaandika maneno peke yake, bila mahadhi, na juu ya ukurasa tunaandika hesabu ya mizani. Nane, sita, nane, sita, kwa mfano. Kiongozi wa waimbaji akipewa maneno, hatazami kwanza yanasema nini, anatazama hesabu. Kisha anatafuta mahadhi yenye hesabu hiyohiyo. Kwa nane, sita, nane, sita ana mahadhi mia, ya furaha na ya majonzi, achague atakalo. Ndiyo maana ulipokuwa mtoto tuliweza kuchukua wimbo wa kutisha kuhusu jehanamu tukauimba kwa mahadhi ya mavuno, mpaka mama yako akatufukuza jikoni.

Lakini zipo hesabu zisizo za kawaida. Ipo mizani ambayo katika kanisa zima, kati ya mahadhi yote watu wanayoyajua kwa moyo, ni ya namna moja tu yanayoitosha. Ukimpa kiongozi maneno ya mizani hiyo, hana pa kuchagua. Akiyatazama tu, mahadhi yanamjia mdomoni.

Kapteni wako aliagiza beti tano. Aliagiza na jambo la ubeti wa tatu. Nimeipekua barua yako ya Machi kwa makini, kama nilivyokuwa nikipekua madaftari yenu. Sioni mahali alipoagiza mizani.

Mahadhi ya wabebaji yana mizani gani? Hesabu kwa vidole. Usitumie nyundo.

Sisemi zaidi. Wenzangu wanataka mshumaa.

Mjomba wako


Kulpanna
30 Novemba 1874

Mjomba,

Shikamoo na haraka, mtu wa posta anasubiri mlangoni na Kezia anamshikilia kwa maneno.

Saba, saba, saba, tano.

Nimeandika zote kwa siku moja, na karatasi yenye beti zote tano nimeitia ndani ya barua hii. Ubeti wa kwanza huu hapa:

Mlango leo wazi,
Waliochoka waje,
Walio chini waje,
Bwana, waite.

Wa tatu ni kama alivyoagiza. Namshukuru Mungu kwa wanaotuangalia, na namwomba awape macho. Hakuna neno ndani yake ambalo mtu anaweza kulishika kwa kidole akasema, hili hapa ni kosa. Kapteni aliusoma wote akiwa amesimama, akautia mfukoni, akanipa mkono. "Nilijua utarudi kwenye njia," akasema. Yeye huimba sauti ya nne kila Jumapili, lakini alisoma kama wasomavyo watu wengi, kwa macho tu.

Mzee Hosken alisoma kwa vidole. Alikuja jioni na karatasi.

"Binti," akasema, "hapa pana mahadhi moja tu."

"Nafahamu, Mzee."

"Kwenye ufunguzi wa kanisa? Na bendera, na chai, na wageni?"

"Kama unayo mengine yanayotosha, imba hayo."

Akaivua kofia yake akaipangusa. Yeye alikuwa mmoja wa wale waliochimba kwa mikono siku ile. Hatimaye akainuka. "Mimi ni mtu wa kupokea karatasi na kutafuta mahadhi," akasema. "Sijui mambo ya ufunguzi." Akaenda zake. Tangu hapo kila ninayekutana naye njiani ananisalimu mara mbili.

Ninaogopa, Mjomba. Mpaka Januari nitakuwa mtu anayengojea.

Thirza


Kulpanna
9 Februari 1875

Mjomba wangu,

Salamu. Sijapata barua yako tangu ile ya Septemba, maana hata yangu ya Novemba huenda haijakufikia. Huku joto ni lilelile. Mbuzi mzee yupo.

Kanisa lilifunguliwa Jumapili ya mwisho ya Januari. Nitakueleza taratibu, maana wewe hupenda kila kitu kwa mpangilio wake.

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Wachimbaji walikaa upande wa kulia na ghorofani, wake upande wa kushoto, Kapteni mbele kabisa kwenye kiti cha peke yake karibu na mimbari. Jina lake limechongwa kwenye jiwe la mlangoni. Mgeni wa mjini akahubiri. Kisha wakatangaza, "Wimbo wa ufunguzi, maneno ya Dada Thirza Nankivell wa hapahapa kwetu," na watu wote wakasimama.

Mzee Hosken akatoa sauti ya kuanzia. Mstari wa kwanza ulipotoka nilisikia kanisa zima likivuta pumzi. Unajua jinsi mahadhi yale yanavyoanza chini, chini kabisa, kabla hayajapanda. Nusu ya watu hawakuwa wameambiwa. Waliimba kwa sababu walikuwa wanayajua, na walipokuwa wanaimba wakatambua wanaimba nini.

Tukafika mwisho wa ubeti. Mjomba, niliandika kwa ajili ya masikio yao, sikufikiria miguu. Mtu wa kwanza wa kila benchi upande wa wanaume alipiga hatua akaingia kwenye njia ya kati. Hawakupanga. Ni miguu tu. Wanne, wanane, sijui, walisimama pale katikati wameduwaa, mikono ikiwa imeshuka hivi, vidole vimekunjwa, kama watu walioshika kitu kizito. Hakuna aliyecheka. Ubeti wa pili ukaanza. Ulipoisha, wengine wakatoka wakawapokea, na wale wa kwanza wakarudi nyuma, polepole, kama ipasavyo. Kezia akanishika mkono akaninong'oneza, "Thirza, wanambeba."

Ubeti wa tatu, ule wa kushukuru kwa wanaotuangalia, Kapteni aliuimba kwa sauti yake ya nne. Nilimtazama. Alikuwa ameshaelewa, uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa, lakini mtu mwenye wimbo mdomoni mbele ya kanisa zima atakwenda wapi? Aliimba. Alizaliwa Cornwall kama sisi, na kabla ya kuwa Kapteni alikuwa mchimbaji, amebeba watu wengi. Ubeti ulipoisha mguu wake wa kulia ukasogea. Akapiga hatua mbele. Alisimama katika njia ya kati, bega kwa bega na Mzee Hosken, mikono imeshuka, vidole vimekunjwa, akambeba Jabez wangu ubeti mzima. Kisha wakampokea.

Sikulia. Nilikuwa nimechoka kama mtu aliyetembea hadi makaburini.

Kesho yake alikuja nyumbani. Safari hii hakukaa.

"Umenifanya nimbebe," akasema.

"Hukuwahi kumbeba, Kapteni."

Akageukia mlango. Nilidhani atasema neno lingine, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Kisha akasema, "Mpaka Pasaka. Mabati na mlango ni vyako. Kuta ni za mgodi."

Kwa hiyo imekwisha. Nakuja nyumbani. Meli inaondoka baada ya Pasaka, nimeshaomba nafasi. Nilithubutu yote haya, Mjomba, kwa sababu nilijua nyuma yangu kuna chumba. Washa moto ndani yake kidogo kutoa unyevu.

Thirza


Kulpanna
2 Aprili 1875

Mjomba Digory,

Shikamoo.

Wiki ya kabla ya Pasaka, nikiwa nafunga sanduku, aliletwa kwangu kijana ametoka kwenye meli, William Petherick, mjukuu wa yule fundi viatu Trewin. Nilifurahi kama nimeona malaika. Nikampa chai, nikampa kipande kikubwa cha pasti ya nyama na viazi, nikamwuliza habari za kila jiwe la Trevannor. Mwisho nikasema, "Na mjomba wangu Mwalimu Pascoe, waridi zake zinaendeleaje?"

Akaacha kutafuna.

"Mama, kwani hujui? Mwalimu yuko nyumba ya maskini. Ile ya wilaya, yenye lango la chuma. Tangu kabla hujafiwa. Nyumba yake iliuzwa, anakaa mfugaji sasa."

"Unamchanganya na mtu mwingine."

"Mama, mimi ndiye nilikuwa nabeba barua zako kutoka dukani kwa Bi Grace, nampenyezea langoni siku ya wageni. Husoma amesimama. Wazee wenzake wanamzunguka awasomee. Wanamjua hadi mbuzi wako."

Nilikaa. Kisha nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya, na kila kitu kilikuwepo. Kengele. Wenzako wanaotaka mshumaa. Ulikwenda kutembea mpaka ukutani na kurudi. Ukuta gani ule, Mjomba?

Nilikasirika kutwa nzima. Nilimwambia Kezia, "Amenidanganya! Ningefika kule na sanduku langu nikasimama mlangoni pa mfugaji!" Kezia akasema, "Amekudanganya, ndiyo. Na kama angekwambia kweli, ungemwandikia Kapteni ubeti gani?"

Nikainuka nikalifungua sanduku.

Siji tena. Nafasi yangu ya meli nimemwachia mwingine. Siku ya Jumatatu ya Pasaka nilitoka nje kufungua mabati, nikamkuta Mzee Hosken juu ya paa tayari, na wengine chini wakipokea. Kezia alibeba mlango wangu kichwani. Nje kidogo ya mpaka wa ardhi ya mgodi kuna kipande kisicho na mwenyewe wa kukisumbukia, kando ya barabara ya bandarini. Tulikwenda huko kwa mstari, mabati wakiyabeba wanne wanne, na ubeti ukiisha wanapokezana. Ndiyo, waliimba. Unadhani wangenyamaza? Udongo tulioanza kuukanyaga jioni ile ni wetu.

Ni chumba kimoja na nusu. Ile nusu ina dirisha. Ulinikopesha chumba kisichokuwepo, nikakaa ndani yake mwaka mzima na hakikuvuja hata siku moja. Hiki kipo. Najua una miaka sabini na mitano, najua bahari ilivyo. Lakini sema mwenyewe kwa mdomo wako kwamba hutakuja, usiniandikie habari za waridi.

Thirza


Trevannor
14 Aprili 1875

Mpwa wangu mpendwa,

Nimepata barua yako ya Februari, na naandika kwa haraka kabla hujapanda meli. Nimeisoma mara nyingi. Mambo ya kanisani sitayasemea leo, siwezi.

Usije. Nakuomba. Paa la chumba kile limeanza kuvuja vibaya, na fundi ameahidi lakini unawajua mafundi. Unyevu ule ungekuua. Pia kijiji kimekuwa kizito, vijana wote wameondoka, hungepata wa kuimba nao. Subiri hapo mpaka paa litengenezwe. Nitakuandikia likiwa tayari.

Mtu asiache mahali alipo kabla hajajua anakokwenda. Hilo ni jambo la hesabu tu.

Usije, Thirza.

Mjomba wako,
Digory


Nyumba ya Maskini ya Wilaya,
Trevannor
6 Juni 1875

Thirza, mwanangu,

Marahaba. Barua zetu zilipishana baharini, na yangu itakuwa imeshakufikia na paa lake linalovuja. Unaweza kucheka. Humu ndani tulicheka.

Anwani hapo juu nimeiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri. Sitakuja, mwanangu. Nasema kwa mdomo wangu kama ulivyotaka. Kifua hiki hakitoshi hata bahari ya siku moja. Hiyo nusu ya chumba yenye dirisha weka meza, uandike.

Nikueleze jinsi tunavyoishi, kisha nikueleze jambo moja, na uwe na subira na mpangilio wangu. Wanaume tunalala upande huu, wanawake upande ule, hata waliooana. Hatutoki langoni bila ruhusa. Hatuimbi, isipokuwa shukrani ya chakula. Mmoja wetu akifa anawekwa kwenye mkokoteni alfajiri, anasukumwa na mtumishi mmoja hadi makaburini, bila wimbo, bila mtu nyuma yake. Hilo ndilo wazee humu wanaliogopa, zaidi ya kifo chenyewe. Watu waliokulia kwenye mahadhi yale, halafu waondoke kama takataka.

Wimbo wako niliwafundisha majira ya baridi, kwa kunong'ona, kitanda kwa kitanda. Niliwaambia pia, kwa kuwa mimi ni mwalimu, kwamba kina cha mstari wa kwanza kimekukimbia, na wakanizomea.

Wiki iliyopita alifariki Hannibal Rowe, aliyelala kitanda cha kushoto kwangu. Alikuwa mchimbaji, mapafu yalimwisha. Alfajiri mkokoteni ulipofika uwanjani, tulikuwa tumeshavaa. Msimamizi wa nyumba akatoka na funguo zake.

"Nyie mnakwenda wapi?"

"Kumsindikiza, bwana."

"Mnajua sheria. Hakuna nyimbo za mazishi hapa."

"Si wimbo wa mazishi, bwana," nikamwambia. "Ni wimbo wa kufungulia kanisa. Hii hapa karatasi, soma mwenyewe."

Akasoma. Yeye si mtu wa kwetu, anatoka London. Alisoma kwa macho tu, beti zote tano, akatafuta kosa kwa kidole na hakuliona. Thirza, akafungua.

Tukamwinua Hannibal kutoka kwenye mkokoteni. Wanne wa kwanza walikuwa na miaka zaidi ya mia tatu ukiwajumlisha, kwa hiyo hatukwenda mbio. Mimi nilikuwa nyuma. Ubeti wa kwanza ulipoisha wakapokezana, wa pili wakapokezana, na mwisho wa ule wa tatu mguu wangu wa kulia ukasogea wenyewe. Nikapiga hatua, nikampokea, nikainua kichwa. Lango lilikuwa nyuma yetu.

Aliyekufundisha, ukamfundisha,
Digory Pascoe